Siku ya Biashara Inaisha Saa Ngapi?

Mhadhara kwa wenye biashara, wahasibu na wanafunzi wa kompyuta, Milimani, Nakuru



Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi nchi hii hungoja tangazo moja. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutoa bei za mafuta mji kwa mji, na Nakuru ina mstari wake. Bei hizo huanza saa sita usiku, tarehe 15 ikiingia, na hudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Fununu ikisema zinapanda, foleni hujaa vituoni usiku huo. Ikisema zinashuka, madereva hujikaza na mshale ukiwa chini wakiomba kukuche.

Sasa tuchukue kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, upande wa Salgaa, ambako malori hayajui usiku. Ni usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2024, saa sita na dakika arobaini. Trela linaloelekea Malaba linaingia, linajaza dizeli, linalipa kwa simu, linaondoka. Mhudumu ametoza bei mpya, kama sheria inavyotaka. Asubuhi mwenye kituo anafungua ripoti na kukuta mauzo hayo yamewekwa tarehe 14, saa 21:40. Bei ni ya leo, siku ni ya jana. Mhasibu anamwita mhudumu pembeni. Mhudumu anaapa kwa jina la mamake. Msimamizi wa zamu anasoma mita ya pampu mara mbili, na mita inakubaliana na mhudumu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyebonyeza vibaya, na kompyuta nayo haijasema uongo. Imeandika saa iliyokuwa sahihi kabisa kwa wakati huo huo, lakini ni saa ya Greenwich, na tarehe ya Greenwich.

Hapo ndipo palipo kiini cha mhadhara wangu. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kupinga apate muda wa kujiandaa. Saa ya dunia ni chombo bora cha kuandikia tukio lililokwisha kupita. Ni chombo kibovu cha kuandikia siku. Tukio ni moja dunia nzima. Siku ina wenyewe. Programu nyingi tunazouziwa huchanganya vitu hivi viwili, nasi tunalipa.

Saa yenyewe inaitwa UTC. Haitoki kwenye saa moja ya ukutani pale Greenwich, ingawa bado inafuata mstari wake. Maabara nyingi za dunia hutuma vipimo vya saa zao za atomiki kwa ofisi ya kimataifa ya vipimo na mizani iliyoko Sèvres, karibu na Paris, nayo hutafuta wastani wake. UTC haina majira ya joto wala ya baridi, hairudishwi nyuma Oktoba, haisogezwi mbele Machi. Sisi huku tuko saa tatu mbele yake, Januari hadi Desemba.

Namna ya kuiandika nayo imewekwa sawa. Shirika la viwango la ISO lilitoa kanuni yake namba 8601 mwaka 1988: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kisha saa, kikubwa kikitangulia kidogo. Yale mauzo ya Salgaa yanaweza kuandikwa 2024-07-15T00:40:00+03:00, au 2024-07-14T21:40:00Z. Herufi T inatenga tarehe na saa. Z inasema hii ni UTC yenyewe. +03:00 inasema hii ni saa ya mtu aliye saa tatu mbele. Mistari hiyo miwili ni dakika ile ile moja. Atakayesema mmoja ni sahihi na mwingine ni kosa hajaelewa, na atakayekata herufi kumi za kwanza akaziita "tarehe" ndiye aliyemtia mhudumu wetu taabuni.

Kwa nini watengenezaji wa programu wakaipenda saa hii? Kwa sababu ya ushahidi. Mwenye maduka matatu, moja Nakuru, moja Kigali na moja Dubai, anataka kujua ni malipo gani yalitangulia kabla akaunti haijakauka. Kigali iko saa moja nyuma yetu, Dubai saa moja mbele. Kila duka likiandika saa ya ukuta wake, mpangilio wote unavurugika. Yote yakiandika UTC, matukio yanajipanga yenyewe, na kwa kuwa mwaka umetangulia, hata kuyapanga kwa alfabeti kunatoa mfuatano wa kweli. Ulaya na Marekani kuna sababu kubwa zaidi: usiku mmoja wa vuli, saa nzima hupita mara mbili. Muamala wa saa saba na nusu usiku huo ni wa saa saba na nusu ipi? UTC haina swali hilo. Ndiyo maana Odoo, ile programu ya Kibelgiji, huweka nyakati zote katika hifadhidata kwa UTC na kumgeuzia kila mtumiaji kwa ukanda wake anapofungua skrini. Ndiyo maana pia sava tunazokodi, ziwe Ireland, Frankfurt au Cape Town, kwa kawaida huja zimewekwa UTC bila kuulizwa.

Ndani kabisa ya mashine hata tarehe hazipo. Kuna hesabu tu ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich. Kwetu hapa ilikuwa saa tisa za usiku. Kwa hiyo mkikuta kwenye ripoti mteja aliyelipa tarehe 1/1/1970 saa 03:00, msimtafute. Hakuna mteja. Kuna sehemu iliyoachwa wazi, kompyuta ikaisoma kama sifuri, na sifuri ikivaa nguo za Nairobi inakuwa saa tisa usiku ya mwaka ule.

Lakini hata hiyo "saa yetu" ambayo mashine inatugeuzia, ni yetu kwa kiasi gani? Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, wakati bonde hili lilikuwa bado linahesabiwa upande wa Uganda. Lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Serikali ya kikoloni ilichukua muda mrefu kuamua saa ni ngapi. Historia hiyo imehifadhiwa mahali ambapo wengi hawajawahi kupatazama, ingawa kila simu humu ukumbini inayo nakala: hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson huko Marekani miaka ya 1980, ikaendelezwa na Paul Eggert, na tangu 2011 ikatunzwa chini ya IANA, ofisi inayosimamia majina na namba za intaneti. Kila ukanda umepewa jina la mji. Wetu unaitwa Africa/Nairobi.

Ukisoma maandishi ya Africa/Nairobi utacheka, kisha utaacha kucheka. Hadi Mei 1908 tulikuwa kwa saa ya jua la Nairobi: saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 tukapelekwa saa tatu kamili. Mapema Januari 1930 tukarudishwa saa mbili na nusu. Mwaka 1937 ulipoingia tukawekwa saa mbili na dakika 45. Usiku wa kuamkia 1 Agosti 1942, vita vikiwa vimepamba moto, tukarudi saa tatu kamili, na hapo tumekaa. Kampala, Dar es Salaam, Mogadishu, Addis Ababa, Djibouti na Antananarivo siku hizi hazina maandishi yao katika orodha kuu. Zimeelekezwa tu kwenye mstari wa Nairobi. Mtu wa Madagaska akiuliza simu yake saa ngapi, simu inasoma daftari letu.

Saa tatu kamili ni saa ya longitudo ya 45, inayopita karibu na Mogadishu na Aden. Nakuru iko kwenye 36 na kitu. Tofauti hiyo ni kama dakika 36. Jua la utosi linapopita juu ya Menengai, saa ya ukutani kwa wastani inasoma saa sita na dakika thelathini na sita mchana. Mkulima wa Bahati anayesema asubuhi inachelewa analalamika kwa haki kabisa, ila mlalamikiwa ni afisa wa mwaka 1942.

Mtasema hayo ni ya makumbusho. Ngojeni. Mchukueni mzee aliyezaliwa 5 Mei 1940, anayetafutiwa pensheni. Programu ya kwanza imepokea tarehe yake ya kuzaliwa na, kwa uvivu wa aliyeiandika, imeihifadhi kama "saa sita usiku, 5 Mei 1940", ikatoa saa tatu ili kupata UTC: 4 Mei, saa 21:00. Programu ya pili inapokea rekodi hiyo. Yenyewe ni makini, inaifuata hifadhidata ya Olson, inajua kwamba mwaka 1940 Kenya ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele. Inajumlisha, inapata 4 Mei, saa 23:45. Inakata saa, inabaki na tarehe. Mzee sasa amezaliwa tarehe 4. Kitambulisho kinasema 5. Karani wa dirishani anaona tarehe mbili zisizolingana, na mzee anarudishwa nyumbani kuleta hati ya kiapo. Dakika kumi na tano za mkoloni zimemlia siku nzima mwaka huu wa simu za kisasa. Na angalieni aliyesababisha: programu ya pili haikukosea popote. Kosa lilifanyika pale siku ya kuzaliwa ilipofanywa kuwa dakika. Hakuna mtu anayesherehekea dakika ya UTC. Tarehe ya kuzaliwa ni tarehe basi, haina saa, haina ukanda. Mtu haongezewi umri wala hapunguziwi kwa kuvuka mpaka pale Busia.

Vijana wa JavaScript mnalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mtumiaji anachagua 1 Januari kwenye kalenda ya skrini, nyinyi mnaigeuza kuwa maandishi ya ISO, inatoka 31 Desemba, saa 21:00Z. Halafu mnakuja mtandaoni kuuliza kwa nini kompyuta inachukia mwaka mpya.

Turudi kwenye pesa. Mwezi wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa sheria yetu, unaisha saa sita usiku ya Kenya. Saa sita usiku ya Greenwich kwetu ni saa tisa za usiku. Kwa hiyo programu inayokusanya mauzo kwa tarehe ya UTC inaukata mwezi saa tatu baada ya sheria kuukata. Duka la vitambaa linalofunga saa kumi na mbili jioni halitaona tofauti hata miaka kumi, na hilo ndilo linalofanya ugonjwa huu usitibiwe: wauzaji wa programu huwaonyesha wateja wa mchana. Wanaoumia ni wa usiku. Vituo vya mafuta, baa, hospitali, teksi za simu, mikate inayotoka tanurini saa nane usiku.

Kumbukeni 1 Julai 2023. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikaenda 16, na EPRA ikatangaza bei mpya kuanzia saa sita usiku. Lita iliyouzwa saa saba usiku huo ilikuwa ya Julai na ya asilimia 16. Kwa UTC ilikuwa bado Juni, saa nne usiku, tarehe 30. Programu iliyochagua kiwango cha kodi kwa kutazama tarehe ya sava ingetoza 8. Hapo hatuzungumzii mhudumu kuitwa pembeni, tunazungumzia mwenye kituo kuitwa na mamlaka ya mapato, KRA. Jambo la namna hiyo lilikuwepo pia usiku wa mwaka mpya wa 2021, VAT ya kawaida iliporudi 16 kutoka 14 ile ya wakati wa korona, na sote tunajua ni nani wanaouza sana baada ya saa sita usiku wa mwaka mpya.

Dawa yake haina uchawi. Rekodi moja ibebe vitu viwili: wakati wa tukio kwa UTC, kwa ajili ya ushahidi, na tarehe ya biashara, iliyoandikwa kama tarehe tupu, kwa ajili ya hesabu na kodi. Ya pili isikokotolewe upya kutoka ya kwanza kila ripoti inapofunguliwa. Iamuliwe mara moja, pale kaunta, kwa kanuni ya mahali hapo.

Wenye hoteli walilijua hili zamani kuliko watu wa kompyuta. Nendeni hoteli yoyote kubwa huku kwetu, mtazameni mhasibu wa zamu ya usiku. Baa bado ina wateja saa saba, mgeni wa mwisho anaingia kutoka Nairobi saa nane, na kompyuta bado inasema ni jana, kwa sababu siku ya hoteli haiishi saa sita. Inaisha pale mhasibu wa usiku anapolinganisha vyumba, mikahawa na kasha la pesa, kisha akabonyeza kufunga siku. Tarehe inasogea kwa amri yake. Hiyo ni kazi nzuri sana ya ubunifu, na sijui kwa nini vituo vya mafuta havikuiiga.

Nigusie M-Pesa, kwa kuwa nisipoigusia mtaniuliza. Wanaounganisha mifumo yao na Daraja, lango la Safaricom la watengenezaji programu, hutuma wakati kwa tarakimu kumi na nne zilizoshikana, mwaka hadi sekunde, hivi: 20240715004000. Mpangilio ni mzuri, kikubwa mbele. Lakini hakuna Z, hakuna +03:00. Ni saa ya Kenya kwa kuelewana tu. Kijana anayepokea tarakimu hizo kwenye sava iliyowekwa UTC, asipoiambia kwamba hii ni saa ya Nairobi, malipo yake yote yatasogea saa tatu mbele, na mteja wa usiku ataonekana amelipa kesho. Mimi ningependa ukanda uandikwe. Safaricom wana haki ya kunijibu kwamba huduma ilizaliwa Kenya mwaka 2007 kwa ajili ya Wakenya, ingawa hadi 2015 sava za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, nchi yenye saa zake mbili kwa mwaka.

Kuna watu wanaodhani sisi Waswahili, kwa saa zetu za kuhesabu tangu jua lichomoze, tunapaswa kuona haya mbele ya mashine hizi. Mimi naona kinyume. Mtu wa huku hutazama ukuta unaosema 7:00 na mdomo wake unasema saa moja, bila kusita, tangu utotoni. Amezoea kwamba wakati mmoja unaweza kuwa na maandishi mawili, na kwamba la maana ni kujua unasoma kwa hesabu ya nani. Hilo ndilo somo zima la kanda za saa, nalo wanafunzi wa Ulaya hulitolea jasho. Tena hesabu yetu ina mantiki ya mahali. Hapa tuko karibu sana na ikweta. Mstari wenyewe unapita Mogotio. Jua la Nakuru huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka wote, kwa hiyo saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga Januari na Julai pia. Jaribuni kanuni hiyo Stockholm muone. Waethiopia nao huhesabu kama sisi. Na kwa wanaopenda mafumbo: saa ya Kiswahili, ukiichukua kama tarakimu tu, iko saa tatu nyuma ya UTC, kwa hiyo inalingana na saa ya ukutani ya Buenos Aires. Kwetu saa moja asubuhi, kwao saa yao inasoma moja usiku.

Palipo na hatari ni pale lugha mbili zinapokutana katika ujumbe mmoja. Zahanati inatuma ujumbe wa simu: "Miadi yako ni saa 8:00 asubuhi." Aliyeuandika alitafsiri kila kitu isipokuwa saa. Mama mmoja atafika saa mbili, mwingine atajiuliza saa nane ni asubuhi ya wapi, atakuja mchana. Kama programu yenu inatuma Kiswahili, iseme saa mbili asubuhi, na kwenye mabano iweke 8:00. Siombi anasa. Maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku tayari yamo katika data ya lugha ambayo simu zote hutumia. Ni kuyaita tu.

Waliozaliwa pwani wananiangalia kwa jicho la kusema bado. Kweli, bado: kwa hesabu ya Kiislamu na ya pwani ya zamani, siku inaisha magharibi jua likitua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Programu ya kupanga matanga, harusi au swala ikijaza kalenda kwa saa sita usiku, itamwalika mtu usiku usio wake. Saa sita usiku ni sheria nzuri kwa KRA. Haikushushwa kutoka mbinguni.

Sasa yajayo, ambako UTC inadanganya kwa namna nyingine kabisa. Mauzo ya jana hayabadiliki. Mkutano wa mwezi ujao unaweza kubadilika bila yeyote kuugusa, kwa sababu serikali hubadilisha saa. Shamba la maua la Naivasha lina kikao cha simu kila wiki na wanunuzi wa Uholanzi, saa tatu asubuhi ya Amsterdam. Wakati wa baridi kikao hicho kwetu ni saa tano. Jumapili ya mwisho ya Machi Uholanzi inasogeza saa mbele, na kwetu kinakuwa saa nne. Ukikihifadhi kwa UTC utakuwa sahihi hadi Machi, kisha mnunuzi atakungoja saa nzima na kuhitimisha kwamba Wakenya ni wachelevu. Miadi ya mbele ihifadhiwe kwa saa ya ukuta pamoja na jina la mji: saa 09:00, Europe/Amsterdam. UTC itafutwe siku ikifika. Nyinyi vijana wa kazi za mtandaoni mnaopokea tarehe za mwisho kutoka Marekani ongezeni hili: wao husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya ya mwisho, na kati ya hizo kuna wiki mbili au tatu ambapo kila mtu amekosea.

Msidhani ni tabia ya Wazungu. Sudan ilirudi saa moja nyuma 1 Novemba 2017. Sudan Kusini ilifanya hivyo 1 Februari 2021: saa sita usiku ilipofika Juba, saa zikarudi tano usiku ya 31 Januari. Hadi siku hiyo Juba na Nakuru zilifuata saa ileile. Msafirishaji aliyekuwa amehifadhi kwa UTC miadi ya kushusha mzigo Juba saa tatu asubuhi, mwezi huo wa Februari, aliamka mfumo wake ukisema saa mbili. Aliyehifadhi "saa 09:00, Africa/Juba" hakupata shida yoyote, ilimradi simu yake ilipokea nakala mpya ya hifadhidata, iliyotolewa siku chache tu kabla. Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina saa tatu tofauti ndani yake: sisi, Uganda, Tanzania na Somalia, kisha Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Congo ya mashariki, kisha Kinshasa.

Nipite haraka kwenye kero ndogo ambayo huenda inawagharimu kuliko zote. Ni ile alama ya mkwaju. Ujumbe wa M-Pesa unaandika 12/3/24 na sote tunasoma 12 Machi. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na mipangilio ya Kimarekani inasoma 3 Desemba. Ukipakia taarifa ya mwezi mzima kwenye Excel, siku kumi na mbili za kwanza zinageuzwa kimyakimya, isipokuwa ile ambayo siku na mwezi ni namba moja, na kuanzia tarehe 13 Excel inashindwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, inaziacha kama maneno. Kuna njia ya kutambua kwa macho: tarehe za kweli hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Safu yenye vichwa viwili, nusu kulia nusu kushoto, msiifanyie jumla. Excel yenyewe haijui ukanda wowote wa saa. Inahesabu siku tu tangu mwanzo wa 1900, na 15 Machi 2023 kwake ni 45000. Andikeni 2024-03-12 kwenye mafaili yote mnayopeana. Haipendezi kwenye kadi ya harusi, lakini hakuna nchi inayoisoma vibaya.

Watu wa maua, nyinyi mnaofanya kazi kwa namba za wiki, mnalo jambo lenu. Kwa ISO wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo Jumatatu 29 Desemba 2025 ilikuwa tayari wiki ya 1 ya 2026, na 1 Januari 2027 itakuwa bado wiki ya 53 ya 2026. Mwandishi wa programu akichukua mwaka wa wiki akadhani ni mwaka wa kalenda, siku za mwisho za Desemba zinarukia mwaka mpya. Twitter ilipatwa na hilo 29 Desemba 2014, simu za Android zikatupwa nje ya akaunti zao kwa kudhaniwa ni 2015. Na kampuni ile ilikuwa na wahandisi wengi.

Sekunde ya ziada nitaiacha kwa atakayeuliza. Imechomekwa ndani ya UTC mara 27 tangu 1972, ya mwisho ikiwa kwetu usiku wa kuamkia 1 Januari 2017 kabla tu ya saa tisa, na mataifa yamekwisha kuamua mwaka 2022 kuiacha ifikapo 2035. Duka lenu halitaiona.

Mtakachokiona ni cha 2038. Ile hesabu ya sekunde tangu 1970, katika mashine nyingi za zamani, imepewa nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo inajaa kwenye 2,147,483,647. Hiyo ni 19 Januari 2038, saa 03:14:07 ya Greenwich. Kwetu saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, Jumanne, zamu zinapobadilishana. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa inarudi Desemba 1901, mwezi ambao reli ilifika Kisumu. Kompyuta za mezani na simu mpya zimekwisha kuhamia biti 64, hizo zisiwatie hofu. Nahofia vile visivyo na skrini: kidhibiti cha pampu, mlango wa kadi, mizani ya kahawa, kirekodi cha joto la chumba cha baridi. Vifaa hivyo hufungwa ukutani na kusahauliwa miaka kumi na tano, na vinavyofungwa mwaka huu vitakuwa bado vinafanya kazi asubuhi ile. Kabla ya kutia sahihi ankara, mwambieni fundi akisogeze kifaa hadi 20 Januari 2038 mbele ya macho yenu, akizime, akiwashe tena, kisha mtazame kinasema tarehe gani.